Mpwa Hanyimwi: Maisha ya Kocha Aminiasi Nakora, 1941–2009

Mzee wetu Aminiasi Nakora alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Nasauvere, kisiwa cha Koro, kitinda mimba wa Mzee Josaia na Bi Vika. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyembeba mgongoni na kumtafunia magimbi mpaka akaota meno ni dada yake Litiana, naye alikuwa mtoto tu.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa, kisha chuo cha ualimu Suva, akamaliza 1962. Alipangiwa Levuka, akafundisha hesabu na raga. Mpira haukuwepo, kwa hiyo vijana walirushiana shelisheli bichi. "Ukiliangusha, umeangusha chakula chako cha jioni," aliwaambia, wala hakuwa akitania. Ndiyo maana wanafunzi wake walikuwa na mikono inayonasa, na baadhi yao walikuwa wembamba sana.

Mwaka 1965 alimwoa Makereta, binti wa kisiwa cha Nairai, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1979 aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya wateule iliyozuru Uingereza na Welisi. Vijana waliozoea kucheza pekupeku walikimbia juu ya barafu, wakashinda karibu kila mechi. Magazeti ya huko yalimwita mchawi. Yeye alicheka: "Uchawi gani? Njaa tu."

Katika timu hiyo alikuwemo Waisale, mtoto wa Litiana, miaka ishirini na miwili. Aliumia shingo kabla ya mechi ya mwisho, mjomba wake akamtoa kikosini. Asubuhi ya mechi Waisale aligonga mlango wake.

"Mjomba, nataka jezi yangu."

"Na shingo?"

"Shingo ni yangu. Jezi nadai. Mimi mpwa wako, au baridi imekusahaulisha?"

Wageni mliotoka mbali mjue: kwetu mtoto wa dada akidai kitu kwa mjomba, awe nguruwe, uwe mtumbwi, hupewa. Mjomba hana neno la kukataa. Marehemu alimpa. Mechi ilikuwa bado changa skramu, ule msukumano wa mabega na vichwa, ilipoporomoka, na Waisale hajasimama kwa miguu yake tangu siku ile. Timu ilishinda. Marehemu hakuutaja ushindi huo mpaka anakufa.

Mara mbili alimpelekea dada yake jino la nyangumi kuomba radhi, akapiga magoti mlangoni mpaka mkeka ukamchora magoti. Kwetu anayelipokea amesamehe; Litiana hakuligusa. Mara ya pili alisema, "Ulikuwa mjomba, sawa. Lakini ulikuwa kocha pia. Kocha angekataa."

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza, ingawa haikuandikwa gazetini. Alizunguka kisiwa kwa kisiwa akiwafundisha makocha kukataa. Vijana wakambatiza Mzee Hapana.

"Mzee, goti limepona, haki ya Mungu!"

"Ruka tuone."

"Aa, Mzee nawe..."

"Kaa chini. Mama yako alizaa mtu, hakuzaa jezi."

Hata mtoto wa chifu alikalishwa benchi. Makocha wengi mlioketi hapa leo, neno hilo "hapana" mlilipata kwake.

Mwaka 2006 alianza kuugua kisukari, kikafika kwenye figo, akalazwa Suva. Kila meli ya Koro ilipotia nanga aliuliza, "Litiana amekuja?" Makereta alijibu, "Bado." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Juni 2009.

Jana mchana Litiana alifika hapa na mwanawe, kutoka kijiji cha mumewe ng'ambo ya kisiwa. Waisale alisogeza kiti chake cha magurudumu hadi kwenye jeneza, akagonga ubao.

"Mjomba, nadai tena. Nakubeba mimi."

Wazee walitazamana. Mchungaji akauliza, "Utambebaje, mwanangu, na kilima kile?"

"Kichwa cha jeneza kilale kwenye mikono ya kiti. Ninyi shikeni miguuni. Au siku hizi mpwa ananyimwa?"

Hakuna aliyekataa. Bi Litiana alipoulizwa kama jino lile sasa liletwe, alijibu, "Bado. Nimekuja kusukuma kiti."

Marehemu ameacha mjane, Makereta, watoto Josaia, Vika na Eroni, wajukuu wanane, dada yake Litiana, na mpwa wake Waisale, atakayembeba.

Njia ina mawe. Tuende kwa mwendo wa Bi Litiana, asiwepo wa kumharakisha. Apumzike mzee wetu kwa amani.