Vipande Arobaini vya Mzee Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mnivumilie, leo sauti yangu ni nzito. Tunamkumbuka mkereza mbao, mtengenezaji wa mabakuli ya mti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Taratibu. Amefariki akiwa na miaka sitini na minane. Kifua ndicho kilichomwondoa. Ni vumbi la mbao, daktari alisema, la miaka mingi.

Kwa nini Taratibu? Kwa sababu ya kukausha mti. Mti mbichi, wasikilizaji, una maji. Ukiukereza hivyo hivyo, bakuli linapinda. Ukiuanika juani, nje unakauka upesi, ndani bado umelowa, basi unapasuka. Kwa hiyo Mzee Taratibu alikata vipande, akapaka nta kwenye ncha zake ili maji yasitoke kwa pupa, akaviweka kivulini pasipo na upepo. Kisha akangoja. Vile vinene alivingoja miaka mitatu. Nasema tena: miaka mitatu.

Na kivuli kilikuwa wapi? Karakana yake ilikuwa ya bati, mchana haikaliki. Kivuli kilikuwa sebuleni kwa mkewe.

Miaka ishirini na sita mama yule aliishi na vipande vya mti nyuma ya makochi, chini ya meza, chini ya kitanda, madirisha yamefungwa. Kila Jumamosi alivipandisha kimoja kimoja kwenye mizani ya jikoni. Yeye anasoma uzito, mume anaandika kwa penseli juu ya kipande. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Yeye ndiye aliyefuta ukungu, yeye ndiye aliyefagia. "Watu husema mvumilivu hula mbivu," aliniambia. "Mimi nimekula vumbi."

Mwaka juzi Mzee Taratibu akaanza kuugua. Akaleta vipande arobaini, akaapa ni vya mwisho. Vilikuwa vya binti yao, aliyejifunza kazi kwake. "Mwanangu, mashine utanunua popote," alimwambia. "Mti uliokaushwa vizuri hununui dukani. Huu ndio urithi wako." Lakini yeye mwenyewe hakuweza tena kunyanyua kitu. Mama akavinyanyua vyote, tena akamgeuza na mgonjwa kitandani, wiki baada ya wiki. Siku nyingine alimaliza kupima akalala na viatu. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na hakuwa na wa kumwambia.

Vipande vilikuwa vimebakiza mwaka mmoja. Mzee Taratibu akafa alfajiri.

Majirani walijaa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mama humwita shemeji, alitazama sebule akashika kiuno. Watu watakaa wapi? Akakunja mikono ya shati. Yeye na wanaume watatu wakatoa vipande vyote arobaini, wakavipanga vizuri kabisa uani, kwenye jua.

Mama alikuwa chumbani na wanawake wenzake. Saa saba mchana akasikia: ta! Mmoja akasema ni bati hilo, linatanuka kwa joto. Ta! Mara nyingine. Mama hakuhitaji kuambiwa. Akainuka, akatoka.

Fundi cherehani alikuwa anajifuta jasho. "Shemeji," akasema, "tumekupunguzia mzigo."

Mama akavitazama. Nyufa zilikuwa zimefika katikati. Binti alikuwa ameshatokea nyuma yake, neno liko mdomoni. Mama akamshika mkono, akamminya.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Mmefanya kazi kubwa."

Nilimuuliza kwa nini. "Mtu amebeba vyote vile na mgongo wake mbovu," akanijibu. "Nimwambie nini? Na maji yameshamwagika. Tena hata nguvu ya kugombana sikuwa nayo, mwenzangu."

Jioni walivirudisha ndani, mama na binti. Arobaini vilitoka, sita vikapona. Sita tu.

Wiki tatu baadaye fundi cherehani alimkuta binti akipasua vingine kuwa kuni. Akauliza, akaambiwa. Alikaa chini pale pale akalia, mtu mzima na nywele zake nyeupe. Mama akamletea kiti na chai.

"Miaka yote nimeitaka sebule yangu, shemeji," akamwambia. "Umenipa. Sasa sijui nikae wapi."

Ni fundi huyo aliyenifuata hapa studio. "Lisimulie kosa langu," alisema, "mwingine asilirudie." Nami nimelisimulia.

Kwa mama yetu, poleni sana. Kwa binti, ambaye Jumamosi iliyopita alipima vipande sita peke yake akamwacha mama yake alale, poleni sana. Kwako fundi, pole na wewe.

Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujitafakari. Tunakwenda kwa wafiwa na mikono yenye haraka, na mikono hiyo ina wema. Lakini kabla hujanyanyua kitu cha mtu aliyefiwa, muulize, hata kama analia. Muulize ni cha nani na kikae wapi. Asipokuwa na jibu, kiache palepale, ukae naye.