Ya Kansas Hayakuishia Kansas

Verlin huendesha basi la shule, lakini Jumapili hii alikuwa akipeleka watu wazima mahali pa kuanzia marathoni hapa Nebraska. Nyuma yake mama mmoja alimgeukia ghafla mwanamume aliyekaa naye.

"Kumbe ni wewe! Kofia ile ile ya njano! Jana kwenye marathoni ya Kansas nimeanguka, mguu umekakamaa, nakuomba mkono tu niinuke. Ukanijibu nini? 'Samahani dada, nitachelewa!'"

"Sasa ningefanyaje? Nilikuwa naitunza miguu kwa ajili ya mbio za leo."

"Na mimi leo nimekuja kuchuma maua?"

"Lakini si ulimaliza?"

"Nilimaliza nikichechemea, wa mwisho kabisa! Usinitie wazimu asubuhi yote hii!"

Verlin aliwatazama kwenye kioo. Watoto wake wa kila siku hugombania kiti cha dirishani. Hawa walikuwa wamelipa wenyewe ili waumie katika majimbo mawili kwa siku mbili, na bado walikuwa na nguvu za kugombana.

Basi likasimama. Waliokimbia jana walishuka kinyumenyume, kwani mapaja yao hayakutaka kusikia habari za ngazi. Mama alitangulia, akiguna, mpaka chini. Mwenye kofia alifika ngazi ya pili, magoti yakagoma. Akanyoosha mkono nyuma.

"Dada, nishike kidogo tu."

"Samahani kaka," alisema mama, "nitachelewa."

Lakini hakwenda popote. Alikunja mikono kifuani, akasimama palepale kumtazama.