Katekista Tharsisi na Mwalimu wa Mifupa

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, wazee wetu, majirani, nanyi nyote mlioacha mashamba kuja kumsindikiza mzee wetu, mimi Kipriani, mtoto wa mdogo wake, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na mjane ameagiza nisifiche kitu.

Marehemu Tharsisi Nsabimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 huko Kasanda, wilayani Kibondo, akabatizwa mwaka 1933, akasoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, na mwaka 1943 akahitimu ukatekista na kupangiwa Kagerankanda, Kasulu, alikohudumu hadi mwisho. Tarehe 8 Juni 1946 alifunga ndoa na Winifrida, wakajaliwa watoto watano, kitinda mimba akiwa Kezia, aliyezaliwa mwaka 1953.

Kwa miaka mingi, mtoto wa Kagerankanda aliyetaka kujua mtu alitoka wapi alimwendea Mzee Tharsisi, naye alisimulia udongo wa Edeni na pumzi ya Mungu hata kina mama wakaacha kutwanga wamsikilize, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, shule ilijengwa ng'ambo ya uwanja wa kigango, akaja Mwalimu Bazilio kutoka Buhigwe, kijana mwenye maneno matamu, akafundisha habari za fuvu la zamadamu lililochimbuliwa Olduvai, na jinsi mwili wa mtu ulivyobadilika polepole tangu zama za kale, kutoka kiumbe mfano wa nyani. Watoto wakawa wanakuja kwenye dini na "Mwalimu Bazilio amesema", na Kezia, aliyefundisha kisomo cha watu wazima katika shule hiyohiyo, akawa anasema vivyo hivyo wakati wa kula. Marehemu alimwambia mkewe kwamba aliyemkosesha usingizi si nyani, ni yule kijana.

Akamshtaki kwa Padre kuwa anawaharibia watoto imani. Padre akaja, akaketi nyuma ya darasa, marehemu ubavuni pake, na msichana mmoja akauliza, "Sasa Mungu alifanya nini, Mwalimu?" Bazilio akajibu, "Mama yako akifinyanga chungu, udongo anaukanda, anaupumzisha, anauinua taratibu. Je, kwa kuwa chungu kimechukua muda, utasema hakina mfinyanzi?" Padre akasema Kanisa halikatazi kuchunguza mwili ulipatikanaje, mradi tushike kwamba roho ya kila mtu inaumbwa na Mungu mwenyewe, kisha akamwomba Bazilio asaidie mafundisho ya kipaimara. Kilichomchoma marehemu ni kwamba mfano ule ulikuwa mzuri, na haukuwa wake, na Kwaresima nzima ya mwaka 1975 hakumpa Bazilio mkono.

Mwaka 1977 Bazilio alipoleta posa ya Kezia, marehemu alimwambia mshenga, "Wanafunzi wangu amewachukua wote, sasa anataka na huyu wa nyumbani?" Kezia akamwendea mwenyewe, akapiga magoti, akasema, "Baba, huyu nampenda, lakini kusali umenifundisha wewe, na hilo hawezi kulichukua." Marehemu akatoka kwenda kufunga mbuzi, akakaa huko mpaka giza likaingia, aliporudi akakubali, na ndoa ikafungwa tarehe 20 Agosti.

Mwezi Februari 1979 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali ya misheni, na Bazilio ndiye aliyemfikisha kwa baiskeli na kumpelekea uji. Jumapili tarehe 30 Septemba alimwomba mkwewe amsimulie ile habari ya mifupa tangu mwanzo, akasikiliza bila kumkatiza, kisha akacheka kidogo, akasema, "Basi mimi natangulia kwa Imana, Mungu wetu aliyekuwepo siku hiyo, nikamuulize mwenyewe. Safari hii nitajua kabla yako, mwalimu. Usinionee wivu." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Oktoba 1979.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na maji, makatekista wenzake, na walimu wa shule waliochimba kaburi pamoja nao.

Pumzika, Mzee Tharsisi, na amani ya Mungu iwe nawe.