Bi Umesema na Kifungu cha Kumi na Saba

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa karakana ya baba, kwa hiyo watoto walikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Huko chini ndiko alikopatia jina lake. Mdogo wake, anayesoma maneno haya, alikuwa na doli la vitambaa, na siku moja kwa hasira za kitoto akamwambia, "Lichukue basi." Akalichukua. Mdogo mtu alilia mpaka sauti ikamkauka, doli halikurudi. "Umesema," alijibu, bila ubaya wowote. Mama alipoletewa kesi alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo akawa Umesema, na mvi zilipoingia, Bi Umesema.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972, akapata shahada ya sheria mwaka 1981. Chumbani alipanga vitabu vya fiqhi, sheria za dini, upande mmoja wa kitanda na vya katiba upande wa pili, akawa analala katikati.

Mwaka 1984 alianza kufundisha sheria ya familia chuo kikuu. Miaka kumi baadaye aliteuliwa katibu wa kamati ya kuandika sheria mpya ya ndoa, na yeye ndiye aliyekipigania kufa na kupona kifungu cha kumi na saba: talaka anayoitamka mume nyumbani haihesabiki mpaka aikiri mbele ya hakimu. Alikuwa na sababu zake. Shangazi yake aliachwa akiwa na unga mikononi, na kesho yake mume akaruka, eti hakusema kitu.

Shekhe mmoja mzee wa kamati hiyo alimbana. "Talaka ni neno la mume mbele ya Mola wake. Serikali inaingia wapi?"

"Inaingia pale mume anapojifanya hakusema."

"Haya. Na mwanamke ambaye kwa dini ameachika na kwa serikali hajaachika, huyo tutamwita nani?"

"Hatakuwapo, shekhe. Mume akishasema, si ataenda tu kwa hakimu?"

Kamati ikacheka, kifungu kikapita. Wanawake wengi wamepata haki zao kwa kifungu hicho, na hilo lisisahauliwe leo.

Alikuwa ameolewa tarehe 12 Agosti 1989 na mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye hasira zake zilikuwa chache ila zilikuja zote kwa pamoja. Hawakujaliwa watoto. Jioni moja ya mwaka 2009 walikuwa jikoni, fundi friji kapiga magoti nyuma ya friji, wakabishana kuhusu jambo ambalo baadaye hakuna aliyelikumbuka vizuri. Mume akatamka talaka tatu kwa mfululizo. Fundi akakusanya bisibisi zake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi mume alijuta. "Hasira tu zile, mke wangu. Na kwa sheria yako mwenyewe hazihesabiki."

"Umesema," akamjibu, huku akifunga sanduku.

Hapo ndipo alipokwama. Shekhe wa mtaa alisema talaka imepita, na yeye aliamini hivyo hivyo. Mahakama ilisema bado ni mke wa mtu. Mume akagoma kwenda kwa hakimu, akitumaini kwamba akingoja atarudiwa. Dada yetu angeweza kudai talaka mwenyewe, lakini mdai huapa kwanza kwamba yeye ni mke halali wa mdaiwa, na kiapo hicho hakikumtoka kinywani. Aliomba kifungu kirekebishwe. Wanasiasa wakamwambia kikiguswa tu, wapo wanaosubiri kukifuta chote. Akanyamaza, kwa ajili ya wengine.

Alihamia chumba cha uani kwa mdogo wake. Mfamasia mmoja aliyefiwa na mke alimposa, akangoja, akachoka, akaoa kwingine. Dada yetu alimpelekea zawadi ya harusi, kisha akajifungia kutwa nzima. "Usinionee huruma," alisema mdogo wake alipobisha hodi. "Mlango huu nimeuchonga mwenyewe." Tusimpambe: alikuwa na uchungu, na mara nyingine alitugombeza bure.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hospitali ikamwita mume, kwa kuwa karatasi zote zilimtaja yeye. Alipoingia wodini, dada yetu alivuta shuka akafunika nywele, kama afanyavyo mbele ya mwanamume yeyote wa kando.

"Hata leo?" mume akauliza.

"Umesema."

Mwezi Aprili mume akaenda kwa hakimu na kukiri: "Nilisema." Hakimu akaandika talaka, kisha akaeleza kwamba kwa kifungu cha kumi na saba eda, ile miezi mitatu ya kungoja, inaanza siku hiyo, na mpaka iishe dada yetu bado ni mke. Tulipompa habari alicheka mpaka akapaliwa. "Nilikiandika vizuri mno," akasema.

Aliaga dunia alfajiri ya leo, Jumanne tarehe 11 Juni 2024. Eda ilikuwa haijaisha.

Asubuhi hii msimamizi wa makaburi aliuliza nani atashuka kaburini kumpokea, akamwelekea yule ambaye karatasi zinamwita mume. Yule bwana akarudi nyuma, kwenye safu ya majirani. "Mimi si maharimu wake, siruhusiwi kumgusa," akasema. "Nilimwacha mwaka 2009. Mwiteni mpwa wake." Sote tulisikia.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wapwa wawili, wanafunzi wengi, na doli moja la vitambaa ambalo mdogo wake amelikuta kabatini na hatalichukua, kwa kuwa alisema. Hakuacha mume. Alibanwa sana hapa duniani; Mwenyezi Mungu ampanulie huko aendako.