Dume ya Muzee Katsuva Haitachinjwa

Siye wa familia tunasema aksanti kwa wote mulifika hapa Mudzipela. Tunajua munaona dume ya ngombe imefungwa nyuma ya nyumba, na munauliza sababu gani hatuichinje. Maisha ya muzee itajibu.

Katsuva Fulgence alizaliwa tarehe 9 mai 1929 kule Lubero. Alisoma primaire kwa mapadri, kisha akajifunza kazi ya munganga wa nyama, ya kutunza mifugo. Mu 1951 alifika Bunia, kupiga ngombe shindano ya dawa. Mu 1954 alioa mama Kahindo Elisabeth.

Mu 1971 watu wa recherche, wa kuchunguza ngombe, walikuja. Madume ya Ulaya ilikuwa inapanda ngombe za hapa kila fasi, wakataka kujua ni gani zimebaki na damu ya zamani. Muzee ndiye alikuwa anatoa damu, anaiweka mu glace isioze, ndege inapeleka mu labo kuipima. Alienda mpaka Nia-Nia kutafuta damu ya mbogo wa pori, ya kulinganisha.

Mufugaji mumoja, muzee Adolphe, alimuchekaka: “Katsuva, damu yote hii, unakunywaka?”

“Ni ya labo, muzee.”

“Basi labo iko na kiu.”

Mwanzo alikosea. Aliandika damu kwa jina ya mwenye boma, kumbe hapa mutu anawekeshaka ngombe yake kwa rafiki amuchungie. Majibu ilirudi ovyo. Alianza tena, boma kwa boma, kuuliza kila ngombe mama yake ni gani. Ndipo ilionekana: ni ukoo ya kwa Adolphe tu haijachanganyika. Recherche ilifungwa mu 1979. Dume ya mwisho ya ule ukoo, Adolphe alikuja kuiwekesha kwa muzee; ndiyo ile munaona nyuma ya nyumba.

Mwaka jana tension, damu kupanda, ilimulaza, akakataza dume ichinjwe siku atakufa. Eugène, mutoto wake mukubwa, alimuuliza:

“Baba, matanga yako bila nyama? Watu watasema nini?”

“Waambie ni miye nilikataa.”

Alikufa tarehe 14 août 1987, asubuhi. Mama Kahindo alisema tu, “Amelala,” akaenda kuchota maji.

Jana wajomba walinoa visu. Eugène alivikusanya, akavifungia ndani. Mazishi ikiisha, dume itarudi kwa Adolphe, ipande ngombe zake.

Muzee anaacha mama Kahindo, Eugène, Kavira, Denise na wajukuu. Leo tutakula samaki ya ziwa, ya Tchomia. Mungu amupumuzishe.