Miaka Thelathini na Moja kwenye Mizani, na Klarineti Moja Fupi

Kiwanda chetu cha kahawa hapa Himbi kinasimama juu ya vitu viwili: mashine ya kukoboa, na mimi, Kamate, ambaye wengi mnaniita Tonton. Mashine ikiharibika huitwa fundi. Mimi nikikosekana, hata Mkurugenzi huuliza mara mbili. Ndiyo maana Mama Charline wa sekretaria alipotafuta mutu wa kuandika ukurasa huu wa kumuaga mstaafu wetu hakuzunguka sana. Alikuja kwangu moja kwa moja, baada ya wengine wanne kusema wana kazi.

Mstaafu wetu ni Papa Sikuli, mpima mizani. Aliingia kazini tarehe 4 mwezi wa kumi, mwaka 1993, na anatoka kesho, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, 2024. Ni miaka thelathini na moja na wiki nane. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, bila mashine.

Alianza kama mbeba magunia, na mwaka wa tatu wakampa mizani kubwa ya sakafuni, ile yenye mshale mrefu kama mkono. Tangu hapo hakuna gunia lililoingia kutoka Rutshuru wala Kiwanja bila kupita mbele ya macho yake. Alikuwa akilisukuma gunia kwa goti, anafumba jicho moja, anasema "swasanti", yaani kilo sitini, na mshale unamfuata nyuma kama mwanafunzi. Mawe ya mizani yenye muhuri wa serikali aliyafuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Kitu chenye muhuri alikiamini. Hakuuliza mara ya pili.

Kuna gunia moja la Kiwanja lililotushinda sote. Mshale ulikataa kutulia, unapanda, unashuka, unapanda tena. Sisi tukasema springi imechoka. Papa Sikuli akaliangalia kidogo, akasema, "Hili gunia linapumua." Tulipolifungua akatoka kuku, ambaye dereva alimficha humo. Alikuwa ametaga mayai saba njiani. Wengine watawaambia lilikuwa yai moja. Wasiwadanganye, mimi ndiye niliyekula.

Mama Henriette, mke wake, alifariki mwaka 2020, kipindi cha kiangazi. Mtoto wao, Bénie, alikuwa ameshaolewa Kampala. Nyumba yao ya mtaa wa Katoyi ikabaki na vyumba vitatu na mutu mmoja. Papa Sikuli akaanza kufika kazini saa kumi na mbili asubuhi, na geti hufunguliwa saa moja na nusu. Mlinzi alikuwa akimkuta amekaa juu ya jiwe la volkano, sahani ya bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, magotini, kitambaa hakijafunguliwa. Saa sita mchana, wenzake wakienda kula kwa mama wa barabarani, yeye aliketi juu ya mizani yake. Mwaka ule mshale ulionyesha septanti, kilo sabini. Mwaka uliofuata ukaonyesha swasanti na mbili. Mimi nilidhani springi imechoka.

Mwisho wa 2021 alinifuata ghalani. Alijua kwamba nimekuwa katika fanfari ya parokia, ile bendi ya tarumbeta, kwa miaka ishirini, upande wa midundo, ambao ndio unaowaongoza wote. Akaniambia anataka kujifunza klarineti. Nikamwuliza, kwa umri wako, Papa, klarineti ya nini. Akasema, "Nataka kukaa mahali watu wanaanza pamoja na kumaliza pamoja."

Basi nikaichukua kazi hiyo mikononi mwangu. Nilikwenda Birere kwa Mbaraka, yule anayeuza vitu vya kontena, redio, magongo ya kutembelea, viatu vya magurudumu. Alikuwa na klarineti mbili, ndefu na fupi. Bei ya ndefu ilikuwa kubwa kuliko bahasha ya pesa aliyonipa Papa Sikuli. Fupi ilikuwa ya plastiki, ufunguo wake mmoja umefungwa kwa mpira, na bei yake ilikuwa ya kusikilizika. Nikaileta kwa moto, pikipiki ya abiria, nimeifunika ndani ya koti kama mutoto wa sungura.

Wiki ya kwanza alitoa sauti ya bata. Wale mama wanaochagua mbegu mezani walisema kuna paka amenaswa kwenye silo, na mmoja akaenda kweli kumtafuta. Klarineti fupi matundu yake yamebanana, na vidole vya mutu aliyebeba magunia vilifunika mawili kwa mpigo. Halafu kuna ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetemeka mdomoni. Hautaki kuwa mkavu. Kwa hiyo saa tano kamili Papa Sikuli aliuweka shavuni ulowane, na kuanzia hapo hadi saa sita kila "swasanti" ilitoka "fafanti", na madereva wakaandika hivyo hivyo. Ulimi ulipopasuka alichonga mwingine kwa wembe kutoka jerikeni la mafuta. Ukatoa bata mwenye mafua. Akachonga tena.

Miezi minne alikwama mahali pamoja, pale sauti za chini zinapokwisha na za juu zinaanza, ambapo lazima vidole vyote vishuke siku moja, saa moja. Mchana mmoja vikashuka. Wale mama wakaacha mbegu mezani. Alikuwa anapiga ule wimbo wa matoleo ambao Mama Henriette alikuwa akiuanzisha kanisani.

Jumamosi iliyofuata akaja kwenye mazoezi ya fanfari, amevaa koti la harusi yake. Mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa mgonjwa, tukajiongoza wenyewe. Wakampa karatasi ya noti ya klarineti, kama wenzake. Tulipoanza, sauti yake ikaenda peke yake juu na za wenzake zikabaki chini, kama mutu anayeitikia Misa nyingine. Wa trombone wakacheka. Alijaribu mara tatu, kisha akailaza klarineti magotini na kusikiliza saa mbili nzima, hadi mwisho. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu cha Carlos, mpiga saksofoni alto, aliyehamia Kisangani baada ya volkano. Karatasi yake ilikuwa bado mbele ya kiti. Hakuna aliyeiangalia.

Njiani kurudi, Papa Sikuli alimwuliza mtaalamu mmoja wa muziki aliyekuwa akitembea naye kosa lake ni lipi. Mtaalamu akamjibu kwamba kosa hakuna. "Hiyo ndogo iliumbwa kupigwa peke yake, Papa." Akalipokea neno hilo kama jiwe lenye muhuri. Hakurudi tena kwenye mazoezi.

Kwa hiyo zaidi ya miaka miwili mmekuwa mkisikia klarineti saa sita mchana, na mmezoea. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni mwa ghala. Alikuwa anaketi juu ya mizani, mgongo kwetu, na nyuma yake mshale unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mara nyingi nililikumbuka lile gunia la Kiwanja.

Mwezi uliopita Mama Béata, anayeongoza fanfari tangu mwalimu wetu afariki, alikuja kupanga muziki wa sherehe hii. Akasimama kati ya magunia hadi wimbo ukaisha. Kisha akamwuliza Papa Sikuli kwa nini hapigi na wenzake. Papa akaeleza alivyoambiwa. Mama Béata akacheka, akidhani ni mzaha, halafu akaacha kucheka.

Alimweleza taratibu. Klarineti za wenzake ni za sauti iitwayo "si bemoli", yake ni ya "mi bemoli", noti ileile kwake hutoka juu zaidi, ndiyo maana karatasi yao ilimtupa mbali. Lakini saksofoni alto nayo ni mi bemoli.

"Karatasi ya Carlos inakufaa, Papa. Utasikika juu zaidi tu. Kiti kinakungoja tangu volkano."

Papa Sikuli akaishika klarineti kwa mikono miwili.

"Nani alikuambia ni ya kupigwa peke yake?" Mama Béata akauliza.

Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Papa Sikuli, ambaye mpaka leo atakutajia uzito wa gunia la mwaka 1998, akaangalia mshale wa mizani.

"Nimesahau, mama," akasema. Akashuka, na mshale ukarudi sifuri.

Amefanya mazoezi na fanfari Jumamosi nne. Leo Ijumaa, baada ya hotuba ya Mkurugenzi, mtamwona kwenye kiti cha Carlos, na wimbo ni ule wa matoleo. Jumapili anakwenda kuishi kwa Bénie, Kampala. Nyumba ya Katoyi amekwisha rudisha ufunguo. Ukihesabu vizuri, muda aliokaa pamoja na wenzake ni Jumamosi nne na Ijumaa moja.

Papa Sikuli, kiwanda kizima kinakushukuru. Umetupimia kahawa ya miaka thelathini na moja na hukumwibia mutu hata punje. Tunakuombea safari njema, wajukuu wenye kelele, na huko Kampala fanfari yenye kiti kitupu. Jumatatu saa sita sijui nitasimama mlango upi.

Jambo la mwisho, na Mama Charline asilikate. Yule mtaalamu ni mimi. Mbaraka aliniambia waziwazi siku ile, "Tonton, hii fupi ni mi bemoli, ile ndefu ndiyo ya wengi." Sikumwuliza mi bemoli ni kitu gani, kwa sababu dakika tano kabla nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ndiye mkuu wa fanfari. Mimi ni mpiga matoazi. Leo mtaniona nimeweka karatasi mbele yangu kama wengine. Ni ya kupamba tu. Noti sijui kusoma hata moja. Huwa naangalia mguu wa Mama Béata unavyogonga mapigo.