Siku Niliposema Sivisikii Vidole

Assalaam aleikum. Na wenzetu wa kanisani, nawasalimu pia. Mwenyekiti wa mkutano amesema naweza kuzungumza nimekaa, nikamkatalia. Nitasimama kidogo.

Mnaonifahamu mnajua wazazi wetu walitangulia nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikashika jembe, nikamlea mdogo wangu wa kike. Mtu mzima aliyetubakia alikuwa shangazi yetu. Tangu hapo kila aliyeniuliza hali nilimjibu, "Sijambo." Nina homa, sijambo. Hatujala tangu jana, sijambo. Nilidhani mkubwa wa nyumba hana ruhusa ya jibu jingine.

Basi msimu wa mpunga uliopita nilikuwa naamia ndege shambani, nawafukuza wasile mpunga. Ngazi ya dungu langu, kile kibanda cha juu cha kulindia, ilikuwa na kipago kibovu. Nilikijua, na kila siku nilikiruka. Siku ile sikukiruka. Nilianguka, mguu wa kulia ukatangulia, muundi ukalia kama ukuni unaovunjwa. Nilipotazama, mguu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Shangazi alikuja mbio na fito mbili za mkoko. Nyuma yake mdogo wangu. Yuko kidato cha tatu, alikuwa likizo, na shuleni kwao walifundishwa huduma ya kwanza.

"Shangazi, tusiunyooshe," akasema. "Tuufunge ulivyo. Tutie nguo kati ya fito na mguu. Na vidole viachwe nje tuvione."

"Vidole vya mtu mzima viachwe nje kama vya kuuzwa?" Shangazi akaanza kuzungusha kamba. "Fito zikikazwa, mfupa hauchezi."

Na miye, jamani, nilimuunga mkono nani? Nilimwambia mdogo wangu, "Weye nyamaza. Mambo ya shule hayo." Shule niliyoiacha mimi ili asome yeye! Shangazi akakaza kuanzia juu ya goti hadi kwenye kifundo, kisha akanifunika kanga mpaka nyayo, kwa heshima.

Tukapanda mtumbwi kwenda zahanati, mtani wetu mmoja akiusukuma kwa pondo. Njiani mdogo wangu aliniuliza mara tatu, "Dada, vidole unavisikia?"

"Navisikia."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: vilikuwa vimekufa ganzi zamani. Maumivu yalikuwa yamepungua, nikafurahi, nikadhani mguu unapoa.

Mtani naye hanyamazi. "Huyu akikatwa mguu tutauzika vizuri, na wali wa msiba atatupikia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Lakini mnajua mtani haombi ruhusa. Aliweka pondo, akafunua kanga, akanifinya kidole gumba, akasubiri tusi. Hakulipata. Akafinya tena, sasa kwa kucha.

"We mtani," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "mbona hunitukani?"

Mdogo wangu hakukitazama kidole. Alinitazama usoni. "Dada. Unavisikia?"

Jibu langu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Sivisikii," nikasema. "Tangu tulipoondoka."

Vilikuwa vya baridi, rangi ya majivu. Shangazi mwenyewe alizishika fito zisisogee. Mdogo wangu akalegeza fundo moja moja bila kuziondoa fito, akachana kanga yake, akaitia katikati. Damu ikashuka kidogo kidogo, na maumivu yakaja nayo. Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba wa mama. Kisha nikamtukana mtani tusi ambalo sitalirudia mbele ya shehe.

"Alhamdulillahi," akasema, akachukua pondo lake. "Mguu mzima huo."

Zahanati, tabibu alinibonyeza kucha, akatazama rangi inavyorudi, akaniambia nichezeshe vidole. Alisema kama mafundo yale yangefika hospitali ya Kibiti vilevile, huenda nisingerudi na miguu miwili. Akanifunga upya, nikapelekwa hospitali, nikatiwa plasta.

Namshukuru shangazi, maana alikuja mbio, na aliyekosea akakubali kushika fito ana moyo. Namshukuru mtani, mguu huu una deni la matusi kwake, nitalipa. Nawashukuru ninyi mlionivunia mpunga nikiwa kitandani. Na mdogo wangu, nilikuambia unyamaze. Mbele ya watu hawa, nisamehe.

Mkimfunga mtu mguu, ufungeni ulivyo, wekeni nguo, acheni vidole nje, na mviangalie kila mara. Na wewe unayefungwa, ukiulizwa, sema kweli. Aliyekuuliza hana njia nyingine ya kujua.

Asubuhi mdogo wangu aliniuliza kama nitaweza kusimama mpaka mwisho. Nilimjibu kwamba nikichoka nitasema.

Sasa unauma. Naomba kiti.